Jibu: kiki na sneya laini kama sponji, nifanyeje zikwaruze na zipige kifua?

Ndugu yetu wa Mbale kauliza hapa juu, ana paki ya sauti za ngoma alizopakua intaneti, anatumia FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, kwenye laptopu, kiki (ngoma ya besi) na sneya (ile ngoma kali ya juu) zinatoka safi mno kama za plastiki, akaweka distosheni, yaani kuikwaruza sauti kwa makusudi, zichafuke kidogo na kiki ikawa nyembamba kuliko ilivyokuwa. Anauliza anakosea wapi. Naomba nijibu kwa urefu manake hii kitu ilinitesa miaka miwili mizima na ningepata mtu wa kunieleza mapema ningeokoa usiku mwingi sana.

Pigo la ngoma lina kichwa na mkia. Kichwa ni ule mlio wa "paa!" wa mwanzo, milisekunde 5 mpaka 20 hivi, ndo inakugonga kifuani, na mkia ni chote kinachofuata mpaka sauti iishe. Ngumi iko kichwani, mchanga uko mkiani. Sasa wengi wetu tunachukua distosheni tunamwaga juu ya vyote viwili kwa pamoja, na distosheni kazi yake ni kukata vilele, sauti iliyo juu inagonga dari inabaki hapo hapo, iliyo chini inapandishwa, mwisho wa siku kichwa na mkia vinakaribiana urefu. Na sikio linajua kitu kimepiga kwa kulinganisha, lazima kuwe na mruko kutoka kimya kwenda juu alafu kushuka. Ukisawazisha hapo unabaki na mlio. Kiki yako imekatwa kichwa, ndugu, ndo maana imekonda.

Mimi hili lilinikaa akilini Mpambire, pale njia ya Masaka wanakotengeneza ngoma wanazipanga kando ya barabara. Nilienda kurekodi engalabi, ile ngoma ndefu ya Buganda yenye ngozi ya kenge. Mzee aliipasha kwanza karibu na moto mpaka ngozi ikakaza, akawa anaigonga kidole kimoja kimoja huku kainamisha sikio, alafu ndo akapiga kwa kiganja. Nilikuwa na simu tu. Mara ya kwanza nimeiweka karibu kabisa na ngozi, mara ya pili nikarudi nyuma hatua mbili tatu. Kufika nyumbani nikazifungua zote mbili kwenye Edison, sehemu ya FL Studio ya kuhariri sauti, nikavuta wimbi mpaka likajaa skrini. Ile ya karibu ilikuwa imekatwa juu, bapa kama meza, sauti kubwa lakini haigongi. Ile ya mbali ilikuwa na mwiba mmoja mrefu mwembamba mwanzoni, alafu nyuma yake wimbi dogo dogo lenye meno meno, ule mtetemo wa ngozi na ukuta wa mbao wa kile kibanda. Nikazishusha zikawa na sauti sawa nikazisikiliza tena na tena. Ya mbali ilinigonga zaidi na ndo ilikuwa na uchafu mzuri zaidi. Nilikaa pale nikaangalia ule mwiba muda mrefu sana.

Basi fanya hivi. Chukua kiki yako uinakili iwe na treki mbili kwenye miksa. Treki ya kwanza iache safi, usiiguse. Ya pili ndo ya uchafu. Huko kwenye ya pili weka kwanza ikolaiza (ya kupunguza au kuongeza sauti za chini na za juu) ukate chini ya Hz 120 hivi, manake besi ikiingia kwenye distosheni inatoa tope na tope halina ngumi, alafu weka distosheni ya FL kama Fruity Blood Overdrive au Fruity Fast Dist au hata pulagini ya bure kama Saturation Knob ya Softube, isukume mpaka uone aibu, alafu ikolaiza nyingine ukate juu ya kHz 7 au 8 ili isiwe na sauti ya nyuki. Ishushe mpaka isisikike kabisa, kisha ipandishe pole pole chini ya ile safi. Unafika mahali kiki inaonekana imekaribia uso wako lakini husikii distosheni kama distosheni, hapo simama. Kwangu mara nyingi inakuwa desibeli 8 mpaka 12 chini ya treki safi. Ukiizima ndo unajua ilikuwa inafanya kazi gani.

Ukitaka kichwa kipate nguvu zaidi tumia kompresa, ile inayobana sauti ikizidi kiwango, lakini usifanye kama wengi wanavyofanya, wanaweka ataki (muda wa kusubiri kabla haijabana) sifuri kwa sababu wanadhani kasi ndo nguvu. Ataki sifuri inakamata kichwa kabla hakijatoka mlangoni. Weka ataki milisekunde 25 au 30 ili ile "paa!" ya mwanzo ipite bure, uwiano 4 kwa 1, kizingiti (kiwango inapoanzia kubana) ushushe mpaka sindano ionyeshe inakata desibeli 4 mpaka 6 hivi, rilizi (muda wa kuachia) kama milisekunde 80. Hapo kompresa inabana mkia peke yake na kichwa kinabaki kimesimama. Rilizi ni lazima imalize kabla ya pigo linalofuata, kwenye wimbo wa midundo 120 kwa dakika kutoka kiki moja hadi nyingine ni milisekunde 500, una nafasi ya kutosha, lakini ukiwa unatengeneza singeli, ule muziki wa kasi wa Dar, ya midundo 200 na zaidi unabaki na 300 au chini ya hapo na kama kiki zinapigwa mara mbili mbili ndani yake hesabu inakaza sana. Kwa nyimbo za kasi hivo mimi nakata mkia kwa mkono kabisa, nafupisha sampo (ile sauti iliyorekodiwa) kwenye sampla (kifaa kinachoipiga), manake mkia mrefu wenye uchafu unaingia juu ya kichwa cha pigo linalofuata na wimbo mzima unakuwa uji. Sikiliza kazi za singeli ambazo lebo ya Nyege Nyege Tapes ya hapa Kampala imetoa kutoka Dar, ngoma ni fupi sana, chafu lakini fupi.

Sasa kuhusu mchanga wenyewe, na hapa ndo napenda zaidi. Ile sauti ya hip hop ya zamani ya New York ambayo kila mtu anaitafuta ilitoka kwenye mashine kama E-mu SP-1200 ya mwaka 1987. Hiyo mashine ilirekodi kwa biti 12 (ngazi za kuchora sauti, nitaeleza chini) na reti ya kHz 26 na kidogo, yaani inapima sauti mara elfu 26 na kidogo kwa sekunde, na kumbukumbu yake yote ilikuwa sekunde 10 tu! Watu wakawa wanapiga sahani ya santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwa mwendo wa 45 ili sauti iwe fupi itoshe kwenye ile nafasi, alafu ndani ya mashine wanaishusha irudi kwenye mwendo wake. Walikuwa wanabana matumizi, na kule kushusha ndo kukaleta ule mkwaruzo. Unaweza kufanya hivo hivo bila mashine, kutoka 33 kwenda 45 ni kama semitoni 5, kwa hiyo pandisha sneya yako semitoni 5, ipitishe kwenye bitikrasha (pulagini ya kupunguza biti na reti) uliyoiweka biti 12 na kHz 26, irekodi iwe faili jipya, alafu faili hilo lishushe semitoni 5. Kama sampla yako inakuruhusu kuchagua ubora wa kubadilisha sauti, chagua ule wa chini kabisa, ule mzuri unasafisha kila kitu ulichokuja kukitafuta.

Na usidhani ukibadilisha reti tu kwenye Audacity unapata kitu hicho hicho, nilipoteza wiki hapo. Programu ya namna hiyo inachuja sauti za juu kwanza ndo inapunguza reti, unapata giza bila mchanga. Bitikrasha haichuji, zile sauti za juu ambazo haziingii zinajikunja zinarudi chini kama sauti ngeni ambazo hazikuwepo, na hizo ndo mchanga.

Na kwa nini biti 12 haiui ngumi wakati distosheni inaiua? Biti 12 ni ngazi 4,096, kila biti moja ni karibu desibeli 6. Kichwa cha sneya kiko juu kabisa kwa hiyo kinatumia ngazi zote, kinatoka karibu salama. Lakini mkia ukishuka desibeli 48 umepoteza biti 8, umebaki na biti 4, yaani ngazi 16 tu za kuchora sauti, lazima uchakae. Uchafu unaongezeka kadiri sauti inavyoshuka, kichwa safi mkia mchafu, bila wewe kufanya lolote. Nilipoielewa hesabu hii nilitoka nje nikatembea mpaka Kalerwe na kurudi, kwa furaha.

Kuna njia nyingine haihitaji pulagini yoyote. Chukua jerikani ya lita 20 tupu, ikate upande mmoja, weka spika ndogo ya bluetooth ndani, piga sneya yako peke yake na urekodi kwa simu nje ya mdomo wa jerikani. Unapata mkia wenye chumba na plastiki inayotetemeka, hakuna mwenye paki ya intaneti aliye na huo. Bluetooth inachelewesha sauti, kwa hiyo ukiirudisha kwenye kompyuta ivute mpaka mwanzo wake ukae sawa na sneya ya awali, kata kile kichwa chake milisekunde 10 za mwanzo, tumia mkia tu. Deki ya kaseti pia ni nzuri, mimi ya kwangu niliitoa soko la Owino ikiwa haina hata kifuniko, narekodi sindano ikiwa kwenye nyekundu na tepu yenyewe inabana vizuri sana.

Lakini ukishaanza kupanga sauti mbili juu ya moja chunga fezi, yaani mawimbi yao yaende upande mmoja kwa wakati mmoja, banange. Nilipeleka wimbo wangu klabu moja Kabalagala, nyumbani kwenye hedifoni kiki ilikuwa inaua, kule kwenye spika kubwa ikapotea kabisa, watu wamesimama wanasikiliza hai-hati na sauti ya mwimbaji. Nilikuwa nimepanga kiki mbili, moja wimbi lake linaanza kwenda juu na nyingine linaanza kwenda chini, zikawa zinafutana kwenye besi. Hedifoni zangu ndogo hazikuwa na besi ya kunionyesha. Tangu siku hiyo kila nikiongeza treki nabonyeza kitufe cha kugeuza fezi, nasikiliza upande gani besi inanenepa, naacha huko. Sekunde mbili tu. Hata ile ikolaiza inayokata chini inasogeza fezi kidogo kwa hiyo angalia hata kama sampo ni ile ile.

Na kabla ya yote hayo fungua sampo zako uziangalie. Paki nyingi za siku hizi zimeshabanwa na limita (kompresa kali isiyoruhusu vilele kupita) huko zilikotoka, wimbi linaonekana kama tofali, hakuna kichwa cha kulinda. Hapo itabidi uipe kichwa kingine, kata milisekunde 10 za kitu kinachogonga kavu, kijiti cha kiberiti kikivunjika, nyundo ya mafundi wa Katwe kwenye bati, kofi la engalabi, liweke mwanzoni kabisa mwa kiki na punguza mpaka lisijulikane ni nini. Nyundo mimi ninayo, nimeirekodi safi.

Tuma kiki yako hapa kabla ya distosheni na baada, faili mbili, zote ziwe WAV usitume MP3 ya WhatsApp. Nitaziangalia usiku umeme ukirudi.