Shangazi, sikumtaja mwanangu kwenye fomu za Kanada

*Shikamoo shangazi. Nilifika Kanada mwaka 2018 kama mkimbizi nikapewa ukaazi wa kudumu. Tulipohojiwa kambini sikumtaja mwanangu, aliyekuwa na miaka 7 akilelewa na mama yangu. Jirani aliniambia nikimtaja sasa faili litarudi nyuma. Nikaandika sina mtoto. Mwaka 2022 niliolewa huku, na mume wangu hajui. Sasa kijana ana miaka 15, mama anaumwa na hawezi tena kumlea. Kaka yangu anasema nimwombee kama mtoto wa marehemu dada yetu. Nikisema ukweli naogopa nitarudishwa, nikinyamaza mtoto atabaki peke yake. Nifanye nini?*
*– Mama wa Mmoja*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na shauri la kaka yako, maana hilo ndilo linaloweza kukuangamiza. Kanada ina njia ya kumdhamini mpwa, lakini ni ya yatima: awe chini ya miaka 18, hajaoa, na baba na mama wote wamefariki. Ili mwanao apite hapo utatakiwa kuonyesha cheti cha kifo cha mama yake. Mama yake ni wewe. Afisa akiingiwa na shaka ataomba kipimo cha DNA, na majibu yatamwambia huyu si mpwa. Kuacha jina kwa hofu ya kambini kunaelezeka. Kughushi kifo, ukiwa umetulia na una muda wa kufikiri, hakuna wakili atakayekutetea kwa urahisi. Mwambie kaka aliache.

Sasa kosa lenyewe. Wewe unaogopa kurudishwa, na hofu hiyo ina msingi: kifungu cha 40 cha sheria ya uhamiaji kinahusu anayeficha jambo la msingi, na adhabu yake ni kuzuiwa kwa miaka 5. Ila hakuna anayepandishwa ndege kesho yake. Afisa huandika ripoti, kesi husikilizwa, na mkaazi wa kudumu akipewa amri ya kuondoka ana haki ya kukata rufaa, ambako hali yake ya kibinadamu hupimwa pia.

Kinachoniumiza mimi zaidi ni upande wa mtoto. Kanuni ya 117(9)(d) inasema mwanafamilia ambaye hakukaguliwa wakati mdhamini wake alipoomba ukaazi hawezi kudhaminiwa baadaye kama mwanafamilia. Kukaguliwa maana yake ni afya na rekodi za usalama, na mtoto hukaguliwa hata kama hasafiri. Asiyetajwa hakukaguliwa. Kwa hiyo jina uliloliacha limemfungia mlango yeye, na miaka kupita hakuufungui.

Upo upenyo, nao unategemea swali moja: kama ungemtaja, ungekataliwa? Kuna walioingia kama watoto tegemezi wasio na ndoa kumbe wana mume au mke nyumbani. Hao wangetaja, wasingekuwa na sifa kabisa. Wewe ulichukuliwa kwa sababu ya ukimbizi, na kuwa na mtoto kusingekuondolea ukimbizi wako. Kwa watu wa namna yako serikali ilianzisha utaratibu maalumu tarehe 9 Septemba 2019, unaomruhusu afisa kumsamehe mtoto kanuni ile. Unawahusu waliokuja kama wakimbizi, waliopewa hifadhi wakiwa Kanada, na waliodhaminiwa wenyewe kama mke, mume, mwenzi au mtoto. Umeongezwa muda zaidi ya mara moja, kwa hiyo angalia kwenye tovuti ya uhamiaji kama bado unafanya kazi siku unayotuma. Kama umekwisha, au kwa msomaji mwingine aliyeingia kwa njia ya kazi na ujuzi, hubaki kifungu cha 25 cha sheria hiyo ya uhamiaji: kuomba kwa misingi ya utu na huruma, ambapo maslahi ya mtoto lazima yapimwe. Omba yote mawili kwa maandishi katika faili moja. Usingoje afisa akukumbukie.

Kabla ya kujaza chochote, omba idara ya uhamiaji nakala ya faili lako la zamani lote, pamoja na fomu ulizosaini na maandishi ya afisa aliyekuhoji. Ukiomba kwa sheria ya faragha hulipi. Kwa sheria ya upatikanaji wa taarifa ni dola 5. Muda wa kisheria ni siku 30, ingawa huweza kurefushwa. Wengi huruka hatua hii, na hapo ndipo wanapokwama: wanaeleza kwa kumbukumbu, kumbe miaka ile waliandika tarehe nyingine, au mkalimani aliandikisha mtoto kama mdogo wao. Ukweli unaopishana na faili husomeka kama uongo mpya.

Faili likija, mpelekee wakili wa uhamiaji kabla ya kutuma ombi, kwa sababu ombi lenyewe ndilo ungamo lako. Uliza pia ofisi ya msaada wa kisheria ya jimbo lako. Ukitumia mshauri, hakikisha jina lake liko kwenye orodha ya wenye leseni. Atakayekuwakilisha hutajwa kwa fomu IMM 5476, hata kama hakulipishi. Anayekataa kuandikwa hapo, mkimbie.

Kama ombi lako la zamani lingekuwa bado halijaamuliwa, ungetuma marekebisho kwa fomu ya mtandaoni ya uhamiaji na mambo yakaishia hapo. Lako lilishafungwa, hivyo masahihisho yanaingia pamoja na ombi la kumdhamini. Barua ya maelezo isizidi kurasa mbili. Mtaje mtoto kwa jina, tarehe na mahali alipozaliwa, na nani amemlea mwaka kwa mwaka. Taja fomu gani hazina jina lake na mahojiano ya tarehe gani. Eleza sababu kama ilivyokuwa: jirani alisema nini, ulielewa nini, nani alijaza fomu. Andika "sikumtaja", usiandike "alisahaulika". Mama hasahau mtoto na afisa analijua hilo. Usimtwike jirani mzigo wote, sahihi ni yako.

Vielelezo ndivyo vitakavyoibeba barua. Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa mwezi uliopita kwa kijana wa miaka 15 hakitoshi peke yake. Tafuta kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, ripoti za shule, risiti za pesa ulizotuma, picha na jumbe za simu za miaka tofauti, pamoja na karatasi za daktari kuhusu ugonjwa wa mama. Kipimo cha DNA kifanyike kwa maabara iliyoidhinishwa na Baraza la Viwango la Kanada. Kile cha kununua mtandaoni hakikubaliki. Baba wa mtoto atatakiwa kusaini fomu IMM 5604 ya kukubali mtoto ahamie Kanada. Kama amefariki, weka cheti cha kifo. Kama hajulikani aliko, weka kiapo, na amri ya mahakama ya malezi ikipatikana.

Fomu IMM 5406, ya taarifa za familia, inataka watoto wote: wa kuzaa, wa kambo, wa kuasili, watu wazima, hata waliofariki. Kama yupo mwingine, mwandike sasa. Kipato hakitakukwamisha, kwani kwa mtoto tegemezi asiye na mtoto wake hakuna kiwango cha chini. Umri hugandishwa siku ombi linapopokelewa, na anatakiwa awe chini ya miaka 22 na hana mke, kwa hiyo huna haja ya kutuma kazi mbovu kwa haraka.

Hakikisha faili limekamilika mara ya kwanza. Likikataliwa kwa kanuni ile ya 117, baraza la rufaa haliwezi kuzingatia huruma. Hubaki Mahakama ya Shirikisho, ambako una siku 60 za kupeleka ombi kama uamuzi ulitolewa nje ya Kanada, na mahakama huangalia zaidi yale afisa aliyokuwa nayo mezani.

Mumeo, mwanangu. Jina lake litakuwa kwenye fomu hizo, na barua zitafika nyumbani kwenu. Asikie kutoka kinywani mwako, kabla hujatuma, mkiwa wawili tu. Anaweza kukasirika kwa sababu ulimficha, na ana haki. Mpe muda, ila usimwombe naye afiche.

Na kijana mwenyewe anaweza kuitwa kuhojiwa, aulizwe mama yake ni nani. Kama amekua akimwita bibi yake mama, na wewe akikujua kama dada wa mbali anayetuma pesa, jibu lake linaweza kuangusha kila kitu. Mpigie simu mama yako wiki hii, mkubaliane jinsi ya kumwambia, kisha aisikie sauti yako ikimwambia.