Kitendawili Kisichotaka Mji

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu aliye chuoni alinionyesha filamu ya Eraserhead ya David Lynch. Niliitazama dakika zote 89 bila kuelewa kitu, lakini wiki nzima inanijia kila nikifumba macho. Watu wanapenda nini katika filamu zisizo na kichwa wala miguu? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, nusu ya jibu unayo mwenyewe, maana filamu iliyokukalia kichwani wiki nzima imekwisha kufanya kazi yake. Kinachokusumbua, nadhani, ni mazoea yetu ya vitendawili, ambapo mtegaji akishapewa mji hana budi kufumbua. Lynch alifariki Januari 2025 bila kupokea mji wa mtu. Hata yule mtoto wa ajabu wa kwenye filamu alitengenezwa vipi, hakukubali kusema.

Irudie ile karamu ya ukweni. Henry, mhusika mkuu, anaombwa akate kuku wadogo waliookwa. Anagusa kwa kisu tu, na kuku anaanza kutikisa miguu huku damu nyeusi ikibubujika sahanini. Ukisimulia hivi ni upuuzi mtupu, lakini mwanamume yeyote aliyewahi kuketi mbele ya wakwe kwa mara ya kwanza, akiogopa hata kumega tonge, ataitambua hofu ile papo hapo, na sidhani kama kuku wa kawaida angeweza kuifikisha. Lynch mwenyewe alipata mtoto akiwa na miaka 22, akaishi Philadelphia katika mtaa uliomtisha, na ule mngurumo wa mitambo usiokoma katika filamu, alioutengeneza pamoja na fundi wa sauti Alan Splet, unambana mtazamaji kifuani kabla akili haijauliza maana yake.

Studio kubwa isingevumilia kazi ya namna hiyo. Upigaji picha ulianza 1972, fedha zikaisha, Lynch akawa anasambaza magazeti ili aendelee, na Jack Nance, aliyeigiza Henry, akautunza ule mtindo wa nywele zilizosimama kwa miaka, hadi filamu ilipotoka 1977 na kupata watazamaji wake katika maonyesho ya usiku wa manane.

Si kila filamu ya vioja inastahili subira yako. Nyingine huficha uvivu. Ila msomaji wa Kiswahili si mgeni wa njia hii, kwani Kezilahabi alitupitisha humo katika riwaya zake Nagona (1990) na Mzingile (1991). Itazame tena na mwanao, taa zikiwa zimezimwa na sauti ikiwa juu, kisha usimuulize ina maana gani. Muulize ni wapi alipotaka kufumba macho.