Sukari kwenye mkojo ukiwa unatumia dapagliflozini, usiache dawa kwanza

Mkuu umesema mkojo umesoma sukari plasi tatu wakati ya damu ya kidole ni 6.8, kwahiyo unaona dapagliflozini, dawa yako ya kisukari, imefeli unataka kuiacha. Usiache aisee. Mi yalinikuta hayohayo mwezi wa pili tu toka nianzishiwe, nilienda kupima UTI zahanati moja ya mtaani, dada wa maabara kuangalia ile stripu akaniambia baba sukari yako imepanda vibaya, usiku ule sikulala. Kesho yake daktari wa kliniki akanambia hiyo ndo kazi ya dawa yenyewe.

Iko ivi, figo zinachuja kama gramu 180 za glukosi kwa siku alafu karibu yote zinairudisha kwenye damu. Hii dawa inaziba mlango wa kuirudishia, sasa itokee wapi kama sio kwenye mkojo?

Nikaanza kufatilia ilikotoka. 1835 wanakemia wa Ulaya walipata kitu kichungu kwenye magome ya mizizi ya mtufaha, mti wa maepo, kikaitwa florizini, na kwa uchungu ule kama wa kwinini watu wakadhani kinatibu homa, hata malaria (sisi wa mwarobaini tunaijua hiyo hesabu). 1886 daktari Josef von Mering kule Ujerumani akawapa mbwa hiyo florizini, wakawa wanakojoa sukari wakati ya damu haijapanda! Ila kilichonigusa mi ni cha 1987, watafiti kina Rossetti na DeFronzo Marekani waliwadunga florizini panya wenye kisukari, sukari ikashuka na miili yao ikaanza kuisikia insulini tena, yani kwa kuitoa tu sukari kwa njia ya mkojo.

Shida florizini ukiimeza inavunjwavunjwa tumboni, alafu inaziba na mlango wa sukari kwenye utumbo, unaweza kuharisha, ndo wakatengeneza ndugu zake wanaolenga figo, hii yako ikaruhusiwa Ulaya 2012.

Kwahiyo stripu ya mkojo isikupe presha, we fata ya kidole na HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya damu wa miezi kama mitatu. Kunywa maji, zingatia usafi maana fangasi wanapenda hiyo sukari, mi walinipata. Na ukiwa unatapika au huli, au una operesheni, mwambie daktari mapema sana, ketoni, zile asidi mwili unazotoa ukichoma mafuta, zinaweza kupanda hata kidole kikisoma vizuri, hapo ndo pa kuogopa mkuu, sio kwenye hizo plasi tatu.