Cheche Zisifunike Upanga wa Adui: Kwa Wanaoanza Kutengeneza Gemu za Mapambano

Ninyi mnaoingia sasa katika kazi ya kutengeneza gemu hapa Nairobi, ningependa mlipate mapema somo lililonigharimu miezi mitatu. Nilikuwa nimetengeneza mapambano ya panga kwa ajili ya gemu ya simu, na kila pigo lilitoa mmweko mweupe, cheche, moshi, mtikisiko wa skrini na tarakimu kubwa zilizopaa hewani. Kwenye kompyuta yangu yalipendeza mno. Nilipoyapeleka katika ukumbi mmoja wa gemu kule Umoja, ambako vijana hulipia kila mchezo na kwa hiyo hawavumilii kinachowapotezea pesa, kijana wa kwanza kushika simu alishindwa mara nne mfululizo, kisha akaniuliza: "Kwani huyu amenipiga saa ngapi?"

Nilirudi nyumbani nikahesabu fremu, yaani picha moja moja zinazofuatana haraka kwenye skrini. Mtu huhitaji takriban robo ya sekunde kuona jambo na kuliitikia kwa kidole. Adui wangu aliinua upanga kwa fremu 24 kabla ya kupiga, na kwa kasi ya fremu 60 kwa sekunde hizo ni sekunde 0.4, muda wa kutosha kabisa. Lakini moshi wa pigo la mchezaji mwenyewe ulitanda kwa fremu 18 juu ya bega lile lile la adui, hata zikabaki fremu 6 tu, yaani sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kijana hakuwa mzembe. Mimi ndiye niliyemfumba macho.

Tangu hapo, kabla ya kuongeza doido lolote, hujiuliza linampa mchezaji habari gani. Habari ya kwanza ni hatari inayomjia, ya pili ni kwamba pigo lake limempata adui, na mapambo huja mwisho kabisa. Tengeni rangi moja kwa ajili ya pigo lisilozuilika na msiitumie popote pengine. Cheche zianzie pale silaha inapogusa, ziruke kutoka mwilini mwa adui, na zife haraka. Mkitaka pigo lihisike zito, msiongeze mwanga. Wasimamisheni wapiganaji wote wawili kwa fremu tatu hadi tano mara silaha inapogusa, mbinu ambayo gemu za ngumi zimeitumia kwa miongo mingi, nanyi mtaona jinsi mkono wa mchezaji unavyouhisi uzito huo.

Kuna pia suala la simu zenyewe. Moshi unaopenyeza mwanga hulazimisha chipu ya michoro kupaka nukta ile ile ya skrini tena na tena, hivyo tabaka kumi za moshi uliofunika skrini nzima ni sawa na kuichora skrini mara kumi ndani ya milisekunde 16.7 za fremu moja. Simu ya bei nafuu, ambayo ndiyo iliyo mikononi mwa wachezaji wetu wengi, hushindwa, hupata moto, na kidole huchelewa kuitikiwa katika sekunde ile ile ya hatari.

La afya msilifanyie mzaha. Tarehe 16 Desemba 1997, kipindi cha katuni ya Pokémon nchini Japani kilitoa mimweko ya nyekundu na buluu mara kama 12 kwa sekunde, na mamia ya watoto wakapelekwa hospitalini. Mimweko ya skrini nzima isizidi mitatu kwa sekunde, na mchezaji apewe mpangilio wa kuizima pamoja na mtikisiko.

Kila Ijumaa mimi huondoa rangi zote, nikacheza kwa simu ya bei ya chini kabisa niliyo nayo, nje juani. Nisipouona mkono wa adui ukiinuka, nafuta kitu. Nilipomrudia kijana yule wa Umoja, madoido yakiwa yamepungua zaidi ya nusu, alishindwa tena mara mbili, lakini safari hii alinionyesha kwa kidole pigo lililomwangusha, akaiomba simu arudie.