Kabla ya gemu yako kubwa: niliyojifunza kwa watu wa Game Freak

Kijana mpya akija kwetu kujifunza kutengeneza gemu, mara nyingi huja na daftari. Ndani kuna ramani ya dunia nzima, falme saba, mashujaa arobaini na jina la joka la mwisho. Huwa nalisoma lote kwa heshima, maana na mimi nilikuwa na daftari kama hilo, na bado liko kabatini kwa mama. Nikimaliza namuuliza swali moja: mwezi wa nane, gemu ikiwa nusu, utakuwa unakula nini?

Wengi hucheka. Wachache hununa. Siku hizi sibishani nao, nawasimulia tu habari za Game Freak, kampuni ya Tokyo iliyotengeneza Pokémon, ile gemu ya kukamata vijinyama vya kubuni, kuvipiganisha na kubadilishana na wenzako. Utajiri wao wa leo haunihusu sana. Kinachonihusu ni kwamba Pokémon ya kwanza iliwachukua kama miaka sita, nao walikuwa kikundi kidogo, mfuko umetoboka, na hawakufa. Hicho kipande cha kutokufa watu hukiruka.

Satoshi Tajiri alizaliwa 1965, akakulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, enzi ambazo mabwawa na vichaka vilikuwa bado vinatosha mtoto kukamata wadudu. Watoto wenzake walimwita Daktari Mdudu. Mji ukatanuka, mabwawa yakafukiwa, zikaja nyumba na kumbi za mashine za gemu, naye akahamia huko. Gemu ya Space Invaders ikamfanya mtoro wa shule. Mwaka 1983, ana miaka 17, akaanzisha jarida: kurasa alizoandika kwa mkono, akazitoa kopi, akazibana kwa stepla. Akaliita Game Freak. Lilikuwa la mbinu na siri za gemu za mashine za sarafu, vitu ambavyo wachezaji walikuwa na njaa navyo na magazeti ya kawaida hayakuvijali. Toleo lililouzika kuliko yote lilipita nakala 10,000. Ken Sugimori alilikuta dukani, likamvutia, akajitolea kulichorea. Ndiye aliyekuja kuwapa Pokémon sura tunayoijua, ingawa Pikachu mwenyewe, yule wa manjano anayejulikana kuliko wote, alibuniwa na Atsuko Nishida.

Hapa huwa nasimama, kwa sababu hapa ndipo wanaoanza hupitisha macho haraka haraka wakitafuta kampuni ilianza lini. Hawa watu walikaa miaka wakiandika kuhusu gemu za wengine. Ukimweleza mtu kwa maandishi namna ya kupata pointi nyingi, inabidi ujue adui anatokea wapi, kwa nini anatokea hapo, na nini kinamfanya mchezaji atie sarafu nyingine badala ya kwenda nyumbani. Ukiniuliza, chuo chao kilikuwa pale. Mtu akiniambia gemu fulani ni tamu kwa sababu "grafiksi zake kali", najua bado hajaanza kuiangalia.

Baada ya kuandika sana wakafikia pale ambapo mkosoaji yeyote mwaminifu hufika: gemu nyingi hazitoshi, tutengeneze yetu. Tajiri akajifunza kuandika programu kwa Family BASIC, zana ya kuandikia programu kwenye Famicom, mtambo wa Nintendo wa kuchezea gemu nyumbani, kisha akaufungua mtambo wenyewe kuona unavyofanya kazi. Gemu yao ya kwanza, Quinty, ilitolewa na kampuni ya Namco mwaka 1989, na mwaka huohuo Game Freak ikawa kampuni rasmi. Muziki ulikuwa wa Junichi Masuda, ambaye miaka ya baadaye angekuja kuwa mwongozaji wa Pokémon zenyewe. Quinty ni gemu ya kugeuza vigae vya sakafu ili maadui warushwe. Ndiyo hiyo tu. Haina ufalme hata mmoja.

Mwaka huo pia Nintendo walitoa Game Boy, mtambo wa mkononi wenye waya wa kuunganisha wachezaji wawili. Gemu nyingi ziliutumia waya huo kwa kushindana. Tajiri aliuangalia akaona mdudu anatembea ndani yake kutoka mtambo mmoja kwenda mwingine. Kuna kisa kingine kinachoendana na hiki. Alipokuwa akicheza Dragon Quest II alitafuta kofia fulani ya ajabu asiipate, na Sugimori alikuwa nazo mbili. Mbili! Na hakukuwa na njia ya kumpa rafiki yake ile ya ziada. Kama umewahi kukusanya picha za wachezaji wa mpira ukiwa shule ya msingi, ukashika mbili za mtu mmoja huku jirani yako analilia moja, umeshaelewa Pokémon yote.

"Umeona sasa, wazo!" Hivyo ndivyo wanavyoniambia nikifika hapa. Sawa. Wazo lilipelekwa Nintendo mwaka 1990. Gemu, kwa rangi mbili, Nyekundu na Kijani, ilitoka Japani tarehe 27 Februari 1996. Hebu hesabu katikati.

Katikati waliishi kwa kazi nyingine. Mwaka 1991 walitengeneza Yoshi kwa ajili ya Nintendo na Jerry Boy iliyotolewa na Sony. Mwaka 1993 Mario & Wario. Mwaka 1994 Pulseman, kwa mtambo wa Sega. Fedha zilikauka kiasi kwamba baadhi ya wafanyakazi waliondoka, na Tajiri mwenyewe aliacha kujilipa mshahara akawa anaishi kwa msaada wa baba yake. Pokémon ilikuwa inawekwa pembeni, inachukuliwa tena, inawekwa pembeni.

Lakini ziangalie vizuri hizo kazi za pembeni: zote ni gemu. Yoshi iliwafundisha kufanya kazi na Nintendo na wakapata jina humo ndani. Shujaa wa Pulseman anakimbia hadi anajaa umeme, kisha anajirusha kwa pigo linaloitwa Volteccer, na kwa Kijapani jina hilohilo ndilo la pigo kubwa la Pikachu. Kazi ya kutafutia kodi ya nyumba ikazaa kitu kilichorudi nyumbani.

Sisi tulikosea hapo. Mwaka wetu wa pili tulichukua kazi ya programu ya kukusanyia michango ya harusi. Ililipa vizuri, siwezi kusema uongo. Ila kwa miezi mitano tulikuwa tunapigiwa simu usiku na wajomba wa bwana harusi wanaouliza kwa nini jina lao liko chini ya jina la fulani aliyetoa kidogo. Hatukujifunza chochote cha kurudi nacho kwenye gemu, isipokuwa kwamba orodha ipangwe kwa kiasi na siyo kwa alfabeti. Ukibidi kuchukua kazi ya pembeni, na itabidi, itafute ile iliyo jirani na ndoto yako. Katuni ya tangazo. Gemu ya hesabu kwa ajili ya shule. Hata kumtengenezea mtu mwingine mfumo wa menyu. Mkono wako ubaki kwenye udongo uleule.

Sasa mambo ya mezani. Nitachagua machache tu.

La kwanza ni nakala ya akiba. Masuda amesimulia kwamba walipokuwa wakiitengeneza ile Nyekundu na Kijani walitumia kompyuta za Unix ambazo zilikuwa na tabia ya kuzimika ovyo, na siku moja mojawapo ilizimika ikiwa na kazi yote ya Pokémon. Kazi ya miaka. Alipiga simu huku na huko, akawauliza watu wa kampuni aliyofanya kazi zamani, akauliza mtandaoni kwa namna ya enzi hizo, akafungua vitabu vya Kiingereza vinavyoeleza tumbo la mashine ile, mpaka akaipata. Dunia ilikaribia kuikosa Pokémon kwa sababu ya diski moja. Mimi nilipoteza wiki tatu kwa umeme kukatika nikiwa nahifadhi, na sikuwa na kitabu wala simu ya kupiga. Toka siku hiyo kazi yangu inakaa sehemu tatu, na moja haiko nyumba hii.

La pili, kingo za namba. Hapa nitakaa, kwa sababu ni kosa ninaloliona kwa kila mwanafunzi. Katika Pokémon ya kwanza kila pigo lina kiwango cha kulenga, na mapigo ya uhakika wa asilimia 100 yamehifadhiwa kwa namba 255, kubwa kuliko zote zinazoingia kwenye baiti moja, kile kijisanduku kidogo cha kumbukumbu ya kompyuta. Ukipiga, gemu inaokota namba ya bahati kati ya 0 na 255. Ikiwa namba hiyo ni ndogo kuliko ile ya pigo, umelenga. Soma tena: ndogo kuliko. Ikiokotwa 255 yenyewe, 255 si ndogo kuliko 255, basi umekosa. Pigo la uhakika linakosa mara moja katika kila 256, na watoto wa dunia nzima walilaumu bahati yao. Dawa yake ingekuwa kialama kimoja tu kwenye kodi (ya programu, siyo ya TRA). Pigo la Focus Energy nalo lilitakiwa kuongeza nafasi ya kupata pigo zito, likaipunguza hadi robo. Kwa hiyo nikikupa kazi, usinionyeshe inavyokwenda kwa namba ya kati. Nionyeshe sifuri, moja, ya mwisho, na ile inayofuata baada ya ya mwisho.

Halafu usizimie. Gemu yenye makosa hayo iliuza zaidi ya nakala milioni 30. Ilitoka. Nina rafiki ambaye gemu yake haina kosa hata moja, na ina miaka tisa haijatoka.

Nafasi nayo. Kaseti ya Kijapani ya Nyekundu na Kijani ina kilobaiti 512, na picha moja ya simu yako inaizidi mara kadhaa. Ndani ya hapo wamo Pokémon 151, miji, mapango, muziki na sauti ya kila mnyama. Walipomaliza majaribio wakatoa zana za kusakia makosa, zikabaki baiti kama 300, na Shigeki Morimoto, mwandishi wao wa programu, akamchomeka humo Pokémon wa siri, Mew, dakika ya mwisho kabisa, bila kumpangia pa kupatikana. Uvumi ukasambaa shuleni, jarida la watoto la CoroCoro likatangaza kugawa Mew 20, na watoto kwa maelfu mengi wakaandika barua kuomba. Kisa kitamu. Ila nawaomba msikiigize. Kugusa gemu baada ya majaribio kuisha ni utundu uliowaendea vizuri mara moja. Nikikukuta unachomeka kitu usiku wa kuamkia kutoa gemu, tutakosana.

Kuhusu watu, sitasema mengi. Tajiri ndiye jina linalotajwa, lakini Tsunekazu Ishihara, aliyekuja kuanzisha kampuni ya Creatures, ndiye aliyeushika mradi ulipokuwa unayumba. Wazo la kuitoa kwa rangi mbili, ili ulazimike kumtafuta mwenye rangi nyingine, husemwa ni la Shigeru Miyamoto, yule mbunifu wa Nintendo aliyemzaa Mario. Na Satoru Iwata, wakati huo bosi wa HAL Laboratory, kampuni nyingine ya gemu, hata hakuwa mtu wa Game Freak. Ilipotakiwa mapigano ya Pokémon yahamie kwenye Nintendo 64, mtambo wa nyumbani, hapakuwa na maandishi ya kueleza yanavyofanya kazi. Iwata akaisoma kodi yenyewe, na kwa takriban wiki moja yakawa yanakwenda. Morimoto, aliyeyaandika, alishangaa ni bosi wa aina gani huyu. Iwata ndiye pia aliyewatengenezea zana za kukandamizia data, yaani kuzipunguza zienee kwenye kaseti, za Dhahabu na Fedha, Pokémon zilizofuata, zilizotoka 1999. Usione aibu kukaa siku nne ukisoma kazi ya mwenzako. Aibu ni kuifuta uanze upya kwa sababu tu hukuielewa.

Jambo dogo nililolipenda. Ndani ya ile kaseti, Pokémon hawakupangwa kwa namba zile za kwenye orodha, wamepangwa kwa namna nyingine, na wa kwanza kabisa ni Rhydon, yule kifaru. Sugimori alishasema Rhydon ndiye waliyemchora kwanza. Bulbasaur anayeongoza orodha alikuja baadaye sana. Gemu imebeba shajara yake tumboni.

Basi wiki yako ya kwanza hapa hutaandika kodi. Funga daftari la falme saba, hakuna atakayeliiba. Chagua mchezo mmoja unaoujua kabisa, uandike kurasa mbili, kwa mkono, unaeleza kwa nini mtu anarudi kuucheza. Mwaka jana binti mmoja aliandika kuhusu draft wanayocheza kijiweni kwao kwa vizibo vya soda. Nilitegemea kurasa mbili za sheria za kula na kuingia king. Aliandika kuhusu benchi: aliyeshindwa anainuka, mwingine anakaa, na anayeinuka hawezi kwenda nyumbani kwa sababu anataka kumuona aliyemfunga naye akiinuka. Sheria za draft zilichukua mistari mitatu. Nilimwambia aanzie hapo kwenye benchi, na gemu anayoitengeneza sasa ina wachezaji wawili na simu moja.