Maswali Yenu Kuhusu Nyumba za Wazee: Nani Yuko Zamu ya Usiku?

Maswali kuhusu nyumba za kutunzia wazee yamekuwa mengi kuliko nafasi niliyo nayo. Nimechagua yale ambayo wengi wenu mmeyauliza kwa namna moja au nyingine.

Nyumba ninayotaka kumpeleka mama inasema ina wafanyakazi wa kutosha. Nitajuaje kama ni kweli?

Usiridhike na idadi ya wafanyakazi kwa jumla, maana humo wamo mpishi, karani, mlinzi na walio likizo. Kipimo chenye maana ni saa za uangalizi: chukua saa zote walizofanya kazi wauguzi na wahudumu kwa siku moja, kisha uzigawe kwa idadi ya wakazi. Mwaka 2024 Marekani ilitunga kanuni iliyotaka saa 3.48 kwa kila mkazi kwa siku, ambapo angalau 0.55 ziwe za muuguzi aliyesajiliwa na 2.45 za wahudumu. Kwa nyumba yenye wakazi 60, hizo ni kama saa 209, yaani watu 26 wa zamu ya saa nane kwa mchana na usiku. Wenye nyumba waliipinga, na Aprili 2025 mahakama ya shirikisho huko Texas ikavifuta vipengele hivyo. Nasikitika kwamba ilikwisha hivyo. Australia imesonga mbele: tangu Oktoba 2024 wastani unaotakiwa ni dakika 215 kwa mkazi kwa siku, 44 kati yake za muuguzi aliyesajiliwa, na muuguzi huyo anatakiwa kuwepo saa zote 24.

Hata hivyo wastani huficha usiku na wikendi. Kwa hiyo uliza wazi: Jumapili saa nane usiku yupo nani, na kwa wakazi wangapi? Muuguzi yupo ndani au anapigiwa simu akiwa kwake? Wahudumu wangapi wameacha kazi mwaka huu?

Kisha nenda Jumamosi jioni wakati wa chakula, uketi ukumbini. Mtazame mzee asiyeweza kujilisha. Mhudumu ameketi usawa wa macho yake na anangoja ameze kabla ya kijiko kingine, au amesimama akiwalisha watatu kwa mpigo? Mzee anayemeza kwa shida akiharakishwa hupaliwa, chakula kinaingia mapafuni, na nimonia inafuata. Kijiko hicho kitakueleza hali ya nyumba kuliko kipeperushi chao.

Baba ana kidonda juu ya makalio. Wanasema ni uzee tu.

Uzee hudhoofisha ngozi, lakini kidonda cha kulalia huletwa na mgandamizo. Mfupa unaibana nyama dhidi ya godoro, damu haipiti, na nyama huanza kufa, mara nyingi kutokea ndani. Vingi vya vidonda hivi huzuilika, na kinga yake ni mikono ya watu: kumgeuza kwa ratiba inayolingana na hali yake, kumwinua badala ya kumburuta kwenye shuka, kuweka mto chini ya miguu ili visigino visiguse godoro, kumbadilisha mara anapolowa, kumpa maji na chakula chenye protini. Ndiyo maana nikisikia nyumba moja ina vidonda vingi, nauliza orodha ya zamu kabla ya kuuliza dawa.

Jifunze kukagua mwenyewe. Bonyeza kwa kidole sehemu iliyokuwa nyekundu. Wekundu usipofifia, ngozi imeshaanza kuumia. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo tumia mkono: je, pana joto au ubaridi kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au pamelegea? Baba anashtuka ukigusa? Dai mpango wa kumgeuza ulioandikwa, godoro la kupunguza mgandamizo, na vipimo vya kidonda (urefu, upana na kina) angalau kila wiki. Ukiona usaha, harufu mbaya au homa, daktari aitwe siku hiyo hiyo.

Mimi ni mhudumu. Usiku nabaki peke yangu na wazee thelathini, na wengine wanahitaji watu wawili kuwainua. Nifanye nini?

Pole sana, ndugu yangu. Hilo ni kosa la aliyepanga zamu, si lako. Usimwinue peke yako mtu anayehitaji wawili. Akianguka ataumia, na mgongo wako nao utaharibika. Mwanzoni mwa zamu mwandikie msimamizi ujumbe: saa, idadi ya wakazi, na kwamba uko peke yako. Tangulia kwa aliyeanguka, anayepumua kwa shida au aliyebadilika ghafla. Kisha wanaohitaji kugeuzwa na waliolowa. Kufua na kupanga makabati kungoje.

Na hili nakuomba kwa moyo wote: usitie alama kwenye fomu kwa kazi ambayo hukuifanya. Najua shinikizo lilivyo. Lakini fomu iliyojazwa yote inamwambia mkaguzi kwamba mtu mmoja anatosha, na mwenye nyumba hana sababu ya kuajiri wa pili. Andika "hakugeuzwa saa nane, hapakuwa na msaidizi". Sentensi hiyo inamlinda mzee, na inakulinda wewe.

Tangu bibi ahamie huko anasinzia kutwa. Wanasema wamempa dawa ya kumtuliza kwa sababu ya ugonjwa wa kusahau.

Uliza jina la dawa, nani ameiandika, kwa dalili gani, na lini itapitiwa upya. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba dawa mpya za kutibu saikosisi (hali ya kuona au kusikia yasiyokuwepo), ambazo pia hutumiwa kuwatuliza wazee, huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa huo. Mwaka 2008 onyo likazigusa na zile za zamani. Zipo hali chache zinazozihitaji. Lakini mzee anayepiga kelele huenda ana maumivu asiyoweza kuyasema, choo kigumu, au maambukizi ya mkojo, na kulitafuta hilo kunahitaji mtu mwenye muda. Usimwachishe dawa ghafla bila daktari.

Ninasimamia nyumba ndogo. Nimepandisha mshahara, bado wahudumu wanaondoka.

Mshahara ulikuwa lazima, umefanya vema. Sasa tazama ratiba. Ikiwa wanajua zamu zao siku moja kabla, hawawezi kupanga maisha yao. Pia mpe kila mhudumu wazee wale wale badala ya kumzungusha. Anayemwogesha mzee huyo huyo kila siku ndiye wa kwanza kuona kwamba leo hakumaliza uji au mguu umevimba. Mwite huyo kwenye kikao cha mpango wa huduma na yaandikwe anayoyasema. Watu hukimbia mahali ambapo wanaona tatizo na hakuna anayewasikiliza.

Je, kamera chumbani zitasaidia?

Zinaweza kuonyesha ukatili, ila hazimgeuzi mtu. Na idhini ya mzee mwenyewe ni ya kwanza, maana ni yeye anayevuliwa nguo humo.

Nikilalamika, si watamlipizia mama?

Hofu yako ina msingi, kwa hiyo lalamika kwa namna inayoacha kumbukumbu. Andika tarehe, saa, ulichokiona na nani alikuwa zamu, bila matusi. Mpe nakala muuguzi mkuu, ubaki na yako. Tafuta familia nyingine mwende pamoja. Tembelea kwa saa zisizotabirika. Mkipuuzwa, nendeni kwa mamlaka inayotoa leseni. Marekani kila jimbo lina ofisi maalumu ya kupokea malalamiko ya wakazi wa nyumba hizi, na huduma yake ni bure. Na wakianza kukuzuia kumwona mama, usisubiri kikao kijacho: peleka taarifa siku hiyo hiyo.