Kitchener alikuwa mhandisi, na Unguja alifika

Sheikh, umesema Kitchener, yule jemadari wa Uingereza, alitoka askari wa miguu na Unguja hakufika; sivyo. Kitchener alipata kamisheni 1871 katika kikosi cha wahandisi wa kifalme, baada ya chuo cha Woolwich. Unguja alikuja 1885 kama mjumbe wa Uingereza kwenye tume ya mipaka ya himaya ya Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, pamoja na Mjerumani na Mfaransa. Alichaguliwa kwa kuwa kupima ardhi ndiyo ilikuwa kazi yake: alishapima Palestina, kisha Kuprosi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakapatana, Sayyid akabakishiwa visiwa, ukanda wa mwambao wa maili 10 na miji michache ya pwani ya Somalia tu, mapatano ambayo Barghash hakuyaridhia kwa hiari.

Jeshi la Sayyid hakuliongoza yeye. Huyo ni Lloyd Mathews, mtu wa manowari. Wengi huwachanganya.

Uhandisi wa Kitchener haukuishia hapo. Reli ya Wadi Halfa hadi Abu Hamed, huko Sudani (1897), aliiamuru yeye, ikakata jangwa kuepuka kona kubwa ya mto Nile na maporomoko yake, ila msimamizi wa ujenzi alikuwa Girouard, mhandisi kutoka Kanada. Cheo cha juu kabisa cha jeshi alikipata 1909.